Jinsi ya kuchagua puta ya gofu ukiwa na bajeti ndogo

Maswali ni yaleyale: puta (fimbo ya kuviringishia mpira hadi shimoni) ya bei nafuu inafaa kweli? Yenye kichwa chembamba (bledi) au kipana (maleti)? Inchi 34 au 35? Nikinunua ya mtumba, nitajuaje kama sijapigwa? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia vipimo unavyochukua nyumbani hadi siku unapotoa pesa.

Habari njema ni kwamba puta ndiyo fimbo ambayo mnunuzi mwenye pesa kidogo hapotezi kitu. Draiva ya zamani, fimbo ya mapigo marefu, inakunyima umbali. Puta ya zamani haikunyimi chochote, kwa sababu mpira kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) unapigwa polepole na hakuna umbali wa kutafuta. Tena ndiyo fimbo inayofanya kazi kuliko zote: kwenye uwanja wa par 72 (mapigo yanayotarajiwa kwa mashimo yote 18), mapigo 36 yamehesabiwa kuwa ya grini, mawili kwa kila shimo. Kwa hiyo pesa yako ielekee kwenye urefu unaokufaa, umbo unaloweza kulenga nalo, na hali ya puta. Jina lililochongwa chini ya kichwa liwe la mwisho.

Kabla ya kuanza, andaa vitu hivi

- Tepu ya kupimia yenye inchi na sentimita
- Mpini wa fagio
- Skwea ya seremala
- Mizani ya jikoni
- Sarafu mbili nyembamba
- Mipira mitatu ya aina ileile unayochezea
- Kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika
- Karatasi ya kuandikia matokeo
- Mtu wa kukusaidia kwa dakika kumi

Kisha igawe bajeti yako. Tenga sehemu moja kati ya tano kwa gripu mpya (kishikio cha mpini) na marekebisho. Zinazobaki ndizo za puta yenyewe. Ukizimaliza zote dukani, utabaki na puta nzuri yenye gripu iliyokakamaa, nawe utaishia kuilaumu puta.

Hatua kwa hatua

1. Anza na puta uliyo nayo.

Ukiwa ulinunua seti nzima, huenda tayari unayo puta na hujawahi kuipima. Ipitishe kwenye hatua ya 2 hadi ya 5 kabla ya kutafuta nyingine. Mara nyingi kinachohitajika ni kupunguza mpini na kuweka gripu mpya, na hapo ununuzi umekwisha.

2. Pima urefu unaokufaa.

Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa na wengi. Madukani puta nyingi za watu wazima huwa za inchi 34 au 35 (sentimita 86 au 89), lakini watu wengi wakiinama vizuri huhitaji inchi 33 (sentimita 84) au hata pungufu.

Vaa viatu unavyochezea. Weka mpira chini, simama kama unataka kupiga: magoti yamelegea, umeinama kuanzia nyonga, mikono inaning'inia yenyewe chini ya mabega. Hakikisha macho yako kwa kuushika mpira wa pili juu ya pua, katikati ya macho, kisha uuachie. Unapaswa kuangukia ule wa chini, au ndani yake kidogo kuelekea miguuni kwako, usizidi upana wa mpira mmoja. Ukiangukia nje, umeinama mno au umesimama karibu mno.

Sasa shika mpini wa fagio kama unavyoshika puta, ncha yake ikigusa sakafu nyuma tu ya mpira. Msaidizi aweke alama pale mkono wako wa juu unapoishia. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama kwa kuufuata mpini wenyewe ulivyoinama, usipime wima. Ongeza sentimita 1 au 2 za gripu inayobaki juu ya mkono. Nyooka, tembea kidogo, rudi, rudia mara tatu. Chukua kipimo cha katikati.

Angalizo: usijipimie kwa puta uliyoizoea. Mwili huifuata fimbo, kwa hiyo ukiwa na puta ndefu utasimama wima ili uifae, na kipimo kitakuambia kwamba ndefu ndiyo yako.

3. Chagua umbo la kichwa kwa kulenga, usichague kwa kupendezwa.

Maumbo makuu ni mawili. Bledi ni kichwa chembamba. Maleti ni kichwa kipana kinachorudi nyuma, mara nyingi kikiwa na mistari mirefu ya kulengea. Katikati yake kuna bledi yenye uzito uliosogezwa kwenye kisigino (upande wa kichwa ulio karibu nawe) na kwenye ncha (upande wa mbali), muundo uliotangazwa na Ping Anser ya mwaka 1966, kazi ya mhandisi Karsten Solheim. Muundo huo umeigwa na karibu kila kampuni ya fimbo, ndiyo maana soko la mtumba limejaa nakala zake nzuri kwa bei ya chini. Kama hujui pa kuanzia, anzia hapo.

Maleti husamehe zaidi mpira unaopigwa nje ya katikati, kwa kuwa uzito wake umetawanyika mbali na kitovu na kichwa hakigeuki kirahisi. Ila msamaha huo haukusaidii kama uso, yaani upande unaogonga mpira, unatazama pembeni tangu mwanzo. Mwelekeo ambao mpira huanza nao hutokana zaidi na uso ulivyotazama wakati wa kugusa, kuliko njia ambayo kichwa kilipita. Ukikosea digrii 1 tu, kwa umbali wa mita 3 mpira umepotea sentimita 5 na ushei. Kipenyo cha shimo ni milimita 108, nusu yake ni sentimita 5.4. Yaani digrii moja inatosha kukupeleka ukingoni.

Jaribu hivi. Weka shabaha ndogo mita 2 mbele, kwenye sakafu iliyo sawa. Ilenge kwa kila umbo unaloweza kuazima au kushika dukani. Ukisharidhika, usitikise kichwa cha puta. Msaidizi aguse uso wa puta kwa mkono mmoja wa skwea ya seremala, na mkono wa pili utaonyesha uso unatazama wapi hasa. Rudia mara tano kwa kila puta, uandike: kushoto, kulia, au sawa. Wapo wanaolenga vizuri kwa mstari mrefu, wapo ambao mstari huwachanganya na hufanya vizuri kwa nukta moja au kwa ukingo mtupu wa kichwa. Hakuna wa kukuambia wewe ni yupi, skwea itakuonyesha.

4. Angalia ncha inavyoning'inia.

Laza mpini wa puta juu ya vidole viwili, karibu na kichwa, ukiwa mlalo. Uso ukitazama juu moja kwa moja, puta hiyo imesawazishwa usoni. Ncha ikishuka, ina mning'inio: nusu njia kama Anser nyingi, au karibu kuelekea chini kabisa kama bledi ambazo mpini wake umeungwa kisiginoni.

Ushauri uliozoeleka ni kwamba anayevuta na kurudisha kichwa kwa mstari karibu ulionyooka achukue iliyosawazishwa, na ambaye kichwa chake huchora upinde achukue yenye mning'inio. Ni mwanzo mzuri, lakini usiufanye sheria. Kama matokeo ya hatua ya 8 yanasema kinyume, yaamini matokeo.

5. Uzito, lofti na pembe ya mpini.

Kichwa cha puta ya urefu wa kawaida huwa na gramu 340 hadi 370 hivi. Kwa kuwa huwezi kukitoa ili ukipime, weka puta nzima kwenye mizani: yenye gripu ya kawaida itaonyesha kama gramu 500 hadi 560. Ikiwa chini sana ya hapo, kichwa ni chepesi, kasoro ya kawaida kwa puta za seti za bei ya chini, na utatapatapa kupata umbali.

Uso wa puta haujasimama wima; umelala nyuma kidogo, kwa kawaida digrii 2 hadi 4. Hiyo ndiyo lofti. Mpira ukitua kwenye nyasi hujichimbia kidogo, na lofti huutoa hapo ili uanze kuviringika. Kwenye grini za nyasi nene na za polepole, karibu na 4 ni afadhali. Kwenye grini za kasi, 2 au 3 zinatosha.

Pembe ya mpini kutoka ardhini huwa karibu digrii 70 hadi 72. Simama kwa mkao wako, kisha msaidizi asukume sarafu moja chini ya ncha na nyingine chini ya kisigino. Zikiingia kwa kina kimoja, soli (sehemu ya chini ya kichwa) imekaa sawa. Ncha ikiwa juu kidogo, usikimbilie fundi: kwa puta ya lofti ya digrii 3, kosa la digrii 4 kwenye pembe ya mpini hugeuza mwelekeo kwa digrii 0.2 hivi, yaani kama sentimita 1 kwa mita 3. Shida inaanza pale ncha au kisigino kinapokwaruza nyasi.

6. Jua pa kubana pesa.

Usilipie uso uliochongwa kwa mashine badala ya kumiminwa kwenye kalibu. Tofauti utaisikia mkononi na masikioni, kwenye kadi ya alama haionekani. Usilipie toleo la mwaka huu wakati la miaka mitano iliyopita lina kichwa kilekile na rangi tofauti. Kifuniko cha kichwa, rangi iliyobanduka, mikwaruzo ya soli: vyote hivyo hushusha bei bila kugusa mchezo, na wewe ndiye unayefaidika. Gripu iliyooza ni sababu nyingine nzuri ya kuomba punguzo, maana ulishatenga pesa zake.

Usibane pesa kwenye urefu na hali ya uso.

7. Kagua puta ya mtumba, kipande kwa kipande.

Uso: pitisha kucha katikati, pale mpira unapogusa. Mikwaruzo myembamba haina neno. Bonyeo, au ukingo uliogongwa ukainuka, iache. Kama usoni kumepachikwa kipande laini cha plastiki, kibonyeze pembeni kwa kidole gumba pande zote. Kikicheza au kikiwa na mwanya, gundi imechoka.

Shingo, pale mpini unapoungana na kichwa: ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu ndipo puta hupinda ikiegemewa au ikigongwa chini kwa hasira. Tafuta nyufa na rangi iliyopasuka kwa mistari. Shika kichwa kwa mkono mmoja na gripu kwa mwingine, uzungushe kwa nguvu ya wastani. Kikicheza hata kidogo, rudisha.

Mpini: uinue hadi kwenye jicho, uangalie kutoka kwenye gripu kuelekea chini kama unalenga bunduki. Puta nyingi zimepindwa makusudi karibu na kichwa, na hiyo si kasoro. Kinachotafutwa ni mpindo wa katikati. Kutu ya juujuu inafutika. Vishimo vya kutu chini ya gripu au kwenye kiungo cha kichwa ni dalili kwamba mpini umeliwa.

Urefu: pima mwenyewe, kutoka soli kwenye kisigino hadi kilele cha gripu. Muuzaji anaweza kukuambia inchi 35 kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani, kumbe mwenye nayo wa kwanza aliikata.

Uhalisi: puta za majina makubwa, Scotty Cameron zaidi ya zote, zinaghushiwa sana. Linganisha maandishi na picha za toleo halisi, herufi kwa herufi. Maandishi yasiyo na kingo kali, rangi iliyomwagika nje ya mchongo, uzito pungufu, na bei ambayo haieleweki ni dalili za bandia. Kwa mwenye bajeti ndogo kuna kinga rahisi: achana na majina hayo. Hakuna anayejisumbua kughushi puta ya bei ya chini.

Mtego mwingine ni chipa. Inafanana na puta, mara nyingi ina bei ya kuvutia, lakini uso wake umelala digrii 30 au zaidi. Ni fimbo ya nje ya grini. Kwa kanuni za gofu, lofti ya puta haizidi digrii 10.

8. Zijaribu zikishindana.

Usijaribu puta moja peke yake; kila puta ni nzuri kwa dakika tano za kwanza. Chukua mbili au tatu zilizopita ukaguzi, pamoja na ile ya zamani. Kama inawezekana fanya kwenye grini halisi, kwa sababu zulia la dukani ni tambarare na la kasi, na linasitiri makosa.

a) Kutoka mita 2, mahali palipo sawa, piga mipira 10 kwa kila puta. Badilisha puta kila baada ya mipira mitano ili uchovu usiiumize moja tu. Andika iliyoingia, na iliyokosa ilipita upande gani.

b) Kutoka mita 9 hivi, piga mitano kwa kila puta. Hapa usihesabu iliyoingia; pima kwa hatua umbali uliobaki baada ya kila mpira.

c) Chora nukta nzito nyuma ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, iguse uso wa puta. Alama itabaki pale mpira ulipopigwa. Baada ya mapigo matano utaona kama alama zimekusanyika au zimetapakaa. Futa kabla wino haujakauka kabisa.

Puta mbili zikilingana, chukua ile ambayo makosa yake yana upande mmoja. Kosa la upande mmoja linarekebishika kwa kulenga au kwa kusogeza mpira. Makosa ya pande zote mbili hayana dawa ya namna hiyo.

9. Maliza kazi: urefu na gripu.

Kama puta ni ndefu, mpini hukatwa upande wa gripu, kamwe si upande wa kichwa. Toa gripu kwa wembe wenye ncha iliyopinda, ukikata kuelekea mbali na mwili. Kata mpini wa chuma kwa kikata bomba au msumeno wa chuma, kisha lainisha ukingo kwa tupa ili usichane gripu mpya. Kata kidogo kuliko unavyodhani, jaribu, kata tena. Kila inchi unayoondoa hufanya kichwa kionekane chepesi mkononi. Rudisha uzito kwa kubandika kama gramu 10 za tepu ya risasi (tepu nzito ya madini ya risasi) chini ya soli kwa kila inchi.

Kwa gripu mpya, safisha gundi yote ya zamani, bandika tepu ya pande mbili, lowesha tepu na ndani ya gripu kwa kiyeyusho cha kazi hiyo (au maji, kama tepu ni ya kuamshwa kwa maji), sukuma gripu kwa haraka bila kusita njiani. Bapa la mbele la gripu, pale vidole gumba hukaa, lazima liwe pembemraba na uso wa puta. Una dakika moja au mbili tu za kurekebisha. Gripu ikikaa tenge, mikono itageuza uso bila wewe kujua. Iache usiku mzima ikauke. Usitumie petroli kama kiyeyusho karibu na jiko, sigara wala cheche yoyote.

Makosa yanayojirudia

Kununua puta ndefu ya kuegemezwa kifuani kwa sababu bei yake ni ya chini kuliko zote. Tangu tarehe 1 Januari 2016 hairuhusiwi kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Kuikata iwe fupi kunakuachia kichwa kizito mno.

Kumwomba fundi apinde puta bila kujua imetengenezwa kwa nini. Chuma laini kinapindika kwenye mashine. Alumini na aloi ya zinki hupasuka.

Kununua gripu nene kwa sababu mchezaji fulani wa kulipwa anayo. Gripu nene hutuliza viganja, ni kweli, lakini ikiwa nzito huficha uzito wa kichwa, na umbali wa mapigo marefu huvurugika.

Kubadilisha puta kila baada ya raundi mbaya. Pesa za puta tatu za ovyo zingenunua moja ya maana.

Matatizo na tiba zake

Mpira unaruka kidogo kabla ya kuviringika. Mikono iko nyuma ya mpira, au mpira uko mbele mno kuelekea shabaha, hivyo lofti imeongezeka. Urudishe mpira upana wa nusu mpira, mikono iwe juu yake. Ikiendelea, pima lofti ya puta kwa fundi.

Mpira unadundadunda na kukwama mwanzoni. Ni kinyume chake: unasukuma mikono mbele mno hadi lofti inaisha. Hutokea sana kwenye nyasi nene kwa puta ya digrii 2.

Makosa yote yanaenda upande mmoja. Rudi kwenye skwea. Kama uso unatazama upande huo tangu kulenga, badilisha alama ya kulengea. Unaweza kufunika mistari kwa tepu nyeusi na kuchora mpya kwa majaribio. Kama kulenga ni sawa, kagua kama gripu imekaa tenge.

Mapigo marefu yote yanabaki mafupi. Angalia alama za wino. Zikiwa kwenye ncha, umesimama mbali mno au puta ni fupi. Zikiwa kisiginoni, umesimama karibu mno au puta ni ndefu. Zikiwa katikati, ongeza gramu 4 za tepu ya risasi, jaribu, kisha 4 nyingine.

Kichwa kinakwama au kukwaruza nyasi. Rudia jaribio la sarafu. Hapa ndipo kurekebisha pembe ya mpini kunapostahili gharama, kama chuma chake kinapindika.

Kitu kinagongagonga ndani. Mara nyingi ni punje ya gundi iliyokauka ndani ya mpini: toa gripu, geuza puta juu chini, uigonge taratibu mpaka idondoke. Kama sauti inatoka kwenye kichwa chenyewe, bonyeza tena kipande kilichopachikwa usoni na ujaribu tena kuzungusha shingo. Kiungo cha mpini kikiwa kimelegea, fundi anaweza kukitoa, kukisafisha na kukiunga upya kwa gundi ya epoksi. Kikiwa na ufa, usiendelee kuitumia.